Msokoto wa spini unakaa [110] badala ya [111]: kosa ni la programu au la boksi?

Kijenge_Spini (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Swali ni kwa wanaozijua sumaku kirali (zile ambazo spini zake zinajisokota kuelekea upande mmoja), hasa upande wa kuziiga kwa kompyuta.

Tunatumia Monte Carlo, yaani kubadili spini kwa namba nasibu kulingana na nishati na halijoto. Wavu ni mchemraba wa kawaida, kila nukta ina spini moja ya Heisenberg (mshale wa sumaku unaoweza kuelekea upande wowote) yenye urefu 1, majirani sita. Nishati ni hii:

E = −J Σ Si·Sj − D Σ r̂·(Si×Sj)

Kila jozi inahesabiwa mara moja, r̂ ni mwelekeo kutoka i kwenda j. J = 1, D = 0.5, uga wa nje hakuna, mipaka inajirudia pande zote tatu. Tunaanzia halijoto T = 2 (kwa vipimo vya J) na kushuka kwa hatua za 0.05 hadi 0.05, raundi 20,000 kila hatua. Raundi moja maana yake kila spini imeguswa mara moja.

Kwa tan q = D/J, q (pembe kati ya spini moja na jirani yake) ni nyuzi 26.57, kwa hiyo mzunguko mmoja kamili ulitakiwa kuchukua nukta 13.55. Matokeo ni haya:

Boksi la 12×12×12: msokoto umelala kwenye [100] (sambamba na ukingo wa boksi), mzunguko ni nukta 12.
Boksi la 16×16×16: msokoto umelala kwenye [110] (mshazari wa uso wa boksi), mzunguko ni nukta 11.3.

Hakuna hata boksi moja lililotoa 13.55, na hakuna lililotoa [111] (mshazari wa boksi zima) kama ilivyo kwenye MnSi, sumaku kirali ya manganizi na silikoni. Zaidi ya hapo, jumla ya usumaku M inabaki karibu na sifuri hata T ikiwa 0.05. Je, mpangilio upo au haupo? Kosa ni la programu?

---

Sakina_Fuwele (Arusha)

Mkuu, programu yako ni nzima. Boksi ndilo linaloamua badala ya fizikia, na unaweza kulithibitisha hilo kwa kikokotoo cha simu kabla hujaendesha raundi hata moja zaidi.

Kwa wasomaji wengine, nianze na msingi. J inataka spini mbili jirani zilale sambamba. D, yaani mwingiliano wa Dzyaloshinskii na Moriya (Dzyaloshinskii alieleza sababu yake ya ulinganifu mwaka 1958, Moriya akaonyesha mwaka 1960 unavyotoka kwenye mshikamano wa spini na mzunguko wa elektroni), inataka zikae kwa nyuzi 90. Wanakutana katikati: kila spini inageuka kidogo kuliko iliyotangulia, na mstari mzima unasokotwa kama kamba ya katani. Upande wa kusokotea hauchaguliwi kwa bahati. Unaamuliwa na alama ya D, na D haifutiki kwa sababu fuwele yenyewe haina kitovu cha ulinganifu. MnSi, FeGe na Cu2OSeO3 zote ziko kwenye kundi la ulinganifu wa fuwele P213, lenye hali ya kushoto na hali ya kulia kama mikono miwili.

Sasa hesabu. Kwa msokoto safi wenye vekta ya wimbi (qx, qy, qz), nishati ya kila spini kwenye wavu wako ni:

e = −J(cos qx + cos qy + cos qz) − D√(sin²qx + sin²qy + sin²qz)

Weka D = 0.5 na tafuta kima cha chini kwa kila mwelekeo, ukichukulia boksi halina mwisho:

[100]: −3.1180
[110]: −3.1213
[111]: −3.1225

Ona mambo mawili. Kwanza, wavu huu wenyewe unapendelea [111], ila kwa tofauti ndogo mno, 0.0045 tu kati ya [111] na [100]. Pili, tan q = D/J ni kanuni ya [100] peke yake. Kwa [111] kila kijenzi kinafuata tan q = D/(√3 J), yaani nyuzi 16.10, na mzunguko kamili ukiufuata mshazari ni nukta 12.91. Hiyo 13.55 uliyokuwa unaitafuta si ya hali ya chini kabisa ya nishati.

Kisha ingiza boksi. Mipaka ya kujirudia inaruhusu vijenzi vya q ambavyo ni 360/L vikizidishwa kwa namba kamili, basi (L ni nukta za upande mmoja wa boksi). Boksi la 16 linaruhusu 0, 22.5, 45 na kuendelea. Nyuzi 16.10 haimo. Angalia kinachotokea:

L = 12 (nyuzi 30): [100] inatoa −3.1160, [110] inatoa −3.0856.
L = 16 (nyuzi 22.5): [100] inatoa −3.1152, [110] inatoa −3.1184, [111] inatoa −3.1031.
L = 22 (nyuzi 16.36): [110] inatoa −3.1182, [111] inatoa −3.1225.

Kwa hiyo boksi la 12 lazima likupe [100] na nukta 12, na boksi la 16 lazima likupe [110] na 16/√2 = nukta 11.3. Ndivyo ulivyopata, na hiyo ni dalili nzuri kwamba msimbo wako unatafuta kima cha chini kwa uaminifu. Endesha L = 22: [111] itatokea, na mzunguko wa 22/√3 = nukta 12.7. Liepuke L = 20. Hapo [110] na [111] zinapishana kwa chini ya 0.0002 na utaona zote mbili zikibadilishana, uanze kudhani umegundua hali mpya.

Jaribio la kuhakiki msimbo wowote wa aina hii ni D = J na L = 12. Kwa D/J = 1 kijenzi cha [111] ni nyuzi 30 kamili, kinaingia kwenye boksi bila kubanwa, na nishati ya T = 0 ni −√12 = −3.4641. Kumbuka spini ya kikale ina njia mbili za kutikisika, kila moja ikibeba T/2, hivyo kwa joto dogo nishati ni takriban E0 + T. Ukisoma −3.414 kwenye T = 0.05 uko sahihi. Wengi hukosea hapa, maana −3.414 ni pia nishati ya [100] isiyobanwa kwa D = J, nao hudhani msokoto umekwama pabaya. Shuka hadi T = 0.01 na utoe T kwenye jibu kabla ya kulinganisha.

Kuhusu M: kwenye msokoto spini zinaelekea pande zote kwa usawa, kwa hiyo M = 0 ndiyo inayotakiwa. Mpangilio upo na ni imara, ila M si kipimo chake. Piga badiliko la Fourier la kila kijenzi cha spini, jumlisha miraba yake, gawanya kwa N² (N ni idadi ya spini). Msokoto mkamilifu unatoa 0.5 kwenye +q na 0.5 kwenye −q, na sifuri kwingine kote. Ukiona 0.5 ikigawanyika kwenye vilele vingi, una vipande vya misokoto tofauti ndani ya boksi moja. Hapo anza upya kutoka juu na upoze polepole zaidi. Ongeza na kipimo cha upande wa msokoto, wastani wa x̂·(Si×Si+x) na wenzake wa y na z. Ukifuatana na D chanya kwenye nishati uliyoandika, jibu lazima liwe chanya, msokoto wa mkono wa kulia.

Jambo la mwisho, na ndilo linalonigusa zaidi kwa sababu linapotosha tasnifu nyingi: usiseme "[111] imetokea kama kwenye MnSi". [111] yako inatokana na wavu wa mchemraba wenye nukta chache kwa kila mzunguko. Kwenye MnSi mzunguko ni nanomita 18 na seli ya fuwele ni nanomita 0.456, yaani karibu seli 40, nyuzi 9 tu kwa kila seli. Kule kinachochagua mwelekeo ni upendeleo dhaifu wa fuwele, nguvu ya tatu na ndogo kuliko zote baada ya J na D. Kwa sababu ni dhaifu hivyo, haikubaliani hata kati ya ndugu wa familia moja: MnSi inachagua [111], Cu2OSeO3 inachagua [100], na FeGe inaanza na [100] chini ya 278 K, halafu ikipozwa inageukia [111] karibu na 211 K, na ikipashwa inarudi karibu na 245 K.

Ukitaka kuondoa upendeleo bandia wa wavu, ongeza jirani wa pili kwenye mhimili uleule (umbali wa nukta 2) mwenye alama kinyume: J' = J/16 na D' = D/8. Namba hizo hazikuokotwa. Ukipanua J cos q − J' cos 2q, sehemu ya q⁴ inafutika J' ikiwa J/16. Ukipanua D sin q − D' sin 2q, sehemu ya q³ inafutika D' ikiwa D/8. Nguvu za J na D zote mbili zinapungua hadi robo tatu, kwa hiyo uwiano wao haubadiliki. Kwa mzunguko wa nukta 10 kamili kwenye [100] weka D/J = 0.641 na L = 30. Hapo mwelekeo unakuwa karibu huru, nawe unaweza kuongeza upendeleo wako mwenyewe kwa makusudi na kuona unafanya nini.

---

Pasua_K (Moshi)

Samahani kuingilia uzi wa mwenzangu. Huku tatizo ni tofauti: hakuna msokoto kabisa. D = 1, J = 1, L = 12, na spini zote zinalala sambamba kama sumaku ya kawaida. Cha ajabu, mwelekeo wao wa pamoja hautulii. Unazunguka kuuzunguka mshazari wa boksi hata T ikiwa 0.02. Tumetumia vekta D tatu, (1,0,0) kwa majirani wa x, (0,1,0) kwa wa y, (0,0,1) kwa wa z.

---

Ngaramtoni_MC (Arusha)

Ndugu yangu wa Moshi, umeshataja kosa mwenyewe: "vekta D tatu". Zinatakiwa sita. Jirani wa kulia ana D kwenye +x, jirani wa kushoto ana D kwenye −x.

Unapojaribu spini i unajumlisha majirani wake wote sita. Kwa jirani wa kushoto, mwelekeo kutoka i kwenda kwake ni −x̂. Ukisahau kugeuza alama, mchango wa kulia na wa kushoto kwenye msokoto unafutana kabisa, inabaki J peke yake, na J inapanga kila kitu sambamba. Na ule mzunguko usiotulia unatoka hapohapo. Uga ambao kila spini inauona unakuwa 6J·S + 2D·S×(1,1,1), ulioinama pembeni ya spini yenyewe, kwa hiyo kila spini inawafuata wenzake ambao nao wanamfuata. Kanuni hiyo haitokani na nishati yoyote, ndiyo maana haina pa kutulia.

Acha kuhesabu jozi moja moja. Andika uga wa spini i mara moja:

hi = Σj [ J Sj + D (Sj × r̂ij) ] + B

r̂ij ikiwa mwelekeo wa kweli kutoka i kwenda j, pamoja na alama yake, na B ikiwa uga wa nje. Nishati inayohusu spini i ni −Si·hi. Chukua jozi yoyote, hesabu mchango wake ukiwa umesimama kwa i, kisha ukiwa umesimama kwa j. Namba mbili zisipolingana hadi tarakimu ya 12, simama hapo usiendelee.

Ukishakuwa na hi, achana na kujaribu-na-kukataa. Ukishuka kwenye baridi karibu kila jaribio linakataliwa na kompyuta inachoma umeme bure. Chagua spini upya moja kwa moja kwa uwezekano wa Boltzmann: weka x = |h|/T, chukua namba nasibu u kati ya 0 na 1, halafu

cos θ = 1 + (1/x) ln[ u + (1−u) e^(−2x) ]

θ ni pembe kutoka kwenye h, na pembe ya kuzunguka h ni nasibu kutoka 0 hadi 360. Iandike kwa e^(−2x) kama ilivyo hapa. Ukitumia umbo lenye e^(+x), namba inafurika x ikipita takriban 709, na ukiwa na |h| karibu 7 utafika huko T ikishuka kidogo tu chini ya 0.01.

Kati ya raundi moja ya aina hiyo na nyingine, weka raundi nne au tano za kugeuza spini upande wa pili wa uga wake:

S' = 2(S·h)h/|h|² − S

Haibadilishi nishati hata kidogo na haihitaji namba nasibu. Kazi yake ni kuisukuma misokoto mirefu izunguke, kitu ambacho njia ya kwanza inakifanya kwa uvivu. Baada ya raundi elfu kadhaa rudisha urefu wa kila spini kuwa 1, maana makosa ya desimali yanajilimbikiza.

Mkitumia majirani wa umbali wa 2 kama alivyoeleza Sakina, kuna mtego kwa wanaogawa kazi kwenye viini vingi vya kompyuta. Ule mgawanyo wa rangi mbili kama ubao wa drafti haufai tena, kwa sababu jirani wa umbali wa 2 ana rangi sawa na wewe, na mtakuwa mnageuzwa kwa wakati mmoja huku mkitegemeana. Tumia rangi tatu, (x+y+z) ikigawanywa kwa 3 na kuchukua baki. Majirani wa umbali wa 1 na wa 2 wote wanaangukia rangi nyingine. Sharti ni kwamba L igawanyike kwa 3, na 30 inagawanyika.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kuhifadhi spini peke yake hakutoshi. Hifadhi pia hali ya kizalisha namba nasibu na namba ya raundi. Andika kwanza kwenye faili la muda, kisha ulibadilishe jina. Ukiandika juu ya faili la zamani moja kwa moja na umeme ukaenda hapohapo, umepoteza yote mawili.

---

Kijenge_Spini (Arusha)

Asanteni sana wakuu. L = 22 imetoa [111] na nukta 12.7 kama ilivyohesabiwa. Swali la pili: halijoto ya mpangilio tunaisomaje? Kilele cha uwezo wa joto kinahamahama, tukipoza kiko mahali pamoja, tukipasha kiko pengine.

---

Rau_Sumaku (Moshi)

Kuhamahama huko msikufute kwa kuchukua wastani. Ni ujumbe wa fizikia.

Sumaku ya kawaida ya Heisenberg inajipanga kwa mageuko laini, na kwa mchemraba wenye J peke yake hilo hutokea T = 1.443 J. Sumaku kirali ni tofauti. Juu kidogo ya halijoto ya mpangilio, q yenye urefu sahihi inaweza kuelekea upande wowote, kwa hiyo mitikisiko inajaa kwenye uso mzima wa tufe badala ya nukta moja. Mitikisiko ikiwa mingi kiasi hicho, inazuia mpangilio usianze kwa ulaini. Mfumo unasubiri chini zaidi kisha unaruka ghafla. Brazovskii alieleza jambo hili kwa jumla mwaka 1975, na vipimo vya nyutroni na uwezo wa joto kwenye MnSi vilivyochapishwa mwaka 2013 vilionyesha ndivyo ilivyo: kilele chembamba cha mruko karibu na 29 K, kimekaa ubavuni mwa bega pana la mitikisiko lililo juu yake kidogo.

Kwa vitendo basi. Hatua ya 0.05 ni pana mno. Mkiwa na fidia ya J/16 na D/8, ugumu umepungua hadi robo tatu, kwa hiyo msitafute kwenye 1.44. Anzieni 1.1 mkishuka. Pitieni haraka mara moja kuona palipo na kilele, kisha rudini pale kwa hatua za 0.005 na raundi zisizopungua 100,000 kila hatua. Boksi la 30 lina spini 27,000. Mashine inayogeuza spini milioni 10 kwa sekunde inamaliza raundi 100,000 kwa dakika 4 na nusu, kwa hiyo hakuna sababu ya kubana.

Chorea histogramu ya nishati kila hatua. Kwenye mruko wa daraja la kwanza itakuwa na vilele viwili, kimoja cha hali iliyopangika na kingine cha hali iliyovurugika, na halijoto ya mpangilio ni pale ambapo maeneo ya vilele hivyo viwili yanalingana. Mkiona kilele kimoja kinachoteleza polepole, boksi ni dogo. Bega pana litafuteni juu ya hapo. Kule S(q), yaani ile miraba ya Fourier, haina nukta kali, ina pete au tufe hafifu lenye urefu uleule wa q. Lazima muwe na fidia kulitafuta, maana bila fidia wavu wenyewe unalipasua tufe kuwa madoa nane kwenye [111] na mtakuwa mmepima wavu.

Msibadili T ya kompyuta kuwa kelvini za MnSi, tafadhali. Nukta moja ya kwenu yenye mzunguko wa 10 inawakilisha nanomita 1.8 za MnSi, karibu seli nne kwa kila upande. Tena elektroni za MnSi zinatembea. Usumaku wake kwenye baridi kali ni takriban magnetoni 0.4 za Bohr kwa kila atomu ya manganizi, wakati kipimo cha juu ya halijoto ya mpangilio kinatoa takriban 2.2. Spini ya urefu usiobadilika haiwezi kubeba tofauti hiyo. Linganisheni umbo la mchoro, mpangilio wa hali, na uwiano wa uga na Bc2 (uga unaolaza spini zote sambamba), msilinganishe kelvini. Cu2OSeO3 ni ya kuaminika zaidi kwa spini zilizotulia, ila hata kule spini za shaba zinajipanga kwanza kwa vikundi vya nne, tatu upande mmoja na moja kinyume, na kikundi ndicho kinachosokotwa.

---

Sakina_Fuwele (Arusha)

Niongezee kwa watakaoweka uga wa nje, maana swali linalofuata siku zote ni la skairmioni (vimbunga vidogo vya spini).

Ukiweka B kwenye z, msokoto unageuka kuufuata uga na spini zinainama kama koni, hadi zote zinalala sambamba kwenye Bc2. Kwa wavu wenye fidia na D/J = 0.641, Bc2 kwenye baridi ni takriban 0.31 J. Skairmioni hazipo kila mahali chini ya hapo. Kwenye sumaku nene kwa kawaida zinashinda koni kwa msaada wa mitikisiko ya joto tu, mfuko mdogo karibu na halijoto ya mpangilio. Kwa MnSi mfuko huo uko takriban kati ya 28 na 29 K, uga wa tesla 0.1 hadi 0.2, na ndipo nyutroni zilipoonyesha vilele sita mwaka 2009. Kutafuta skairmioni kwenye T = 0.05 ni kupoteza usiku mzima.

Na hapa boksi linadanganya tena. Skairmioni zinajipanga kama sega la nyuki, na boksi la mraba haliwezi kulibeba bila kulivuta. Kwa mzunguko wa nukta 10, mistari ya skairmioni iko umbali wa 10, na ndani ya mstari zinakaa umbali wa 10 × 2/√3 = 11.55. Mistari lazima iwe namba shufwa, maana kila mmoja umehama nusu kuliko mwenzake. Mistari minne ni nukta 40. Skairmioni nne kwenye mstari ni 46.2. Tumia 46×40×30. Upande wa z uwe 30 ili koni nayo iingie bila kubanwa, la sivyo umeipendelea skairmioni kwa siri. Kwa kuwa 46 na 40 hazigawanyiki kwa 3, zile rangi tatu za Ngaramtoni hazifanyi kazi, pitia spini moja moja.

Thibitisha kwa kuanza mara mbili, mara moja kutoka kwenye koni na mara moja kutoka kwenye skairmioni ulizozipanga kwa mkono. Zikiishia mahali pamoja, amini. Zisipoishia pamoja, muda hautoshi na huwezi kusema ipi imeshinda.

---

Pasua_K (Moshi)

Asante Ngaramtoni, alama imerekebishwa na sasa T = 0.01 inatoa −3.454, ambayo ukitoa T ni −3.464. Swali la mwisho kwenu: heliamu ya kimiminika hatuna. Kuna sumaku kirali yoyote ambayo mwanafunzi anaweza kuiona ikijipanga mezani?

---

Rau_Sumaku (Moshi)

Ipo. FeGe ya mchemraba inajipanga kwa 278 K, ambayo ni nyuzi 5 za Selsiasi. Barafu na maji vinakufikisha chini yake, maji ya vuguvugu yanakurudisha juu. MnSi ya 29 K na Cu2OSeO3 ya takriban 58 K haziwezekani hata kwa naitrojeni ya kimiminika inayochemka kwa 77 K. CrNb3S6, ya takriban 130 K, naitrojeni inaifikia.

Usichoweza kuona mezani ni msokoto wenyewe, maana hatua ya FeGe ni nanomita 70. Unachoona ni wepesi wa kusumakika ukipanda kwa kasi unapovuka nyuzi 5 ukishuka. Koili mbili ndogo za upokeaji zilizosokotwa kinyume, sampuli ndani ya moja, koili ya msukumo kwa nje, masafa ya mamia kadhaa ya hezi, na kikuza kinachofunga kwenye masafa hayo. Themokapo iguse sampuli, isiguse maji, na joto lisipande zaidi ya nyuzi moja kwa dakika, la sivyo mkunjo utaonekana mahali pasipo pake. Sampuli iwe na umbo refu likiwa limelala kando ya uga. Bapa lililosimama kukabili uga linajipunguzia uga wake lenyewe na mkunjo unafifia.

Aloi za kobalti, zinki na manganizi zinajipanga karibu na joto la chumba, Co8Zn8Mn4 ikiwa takriban 300 K, nazo zinavutia wengi kwa kuwa metali zake zinapatikana. Tahadhari ni zinki. Inachemka kwa nyuzi 907 na aloi hii inayeyushwa juu ya hapo. Kwenye chungu cha wazi zinki inaondoka kama moshi wenye sumu na unabaki na mchanganyiko mwingine kabisa. Kwenye bomba la kwatzi (quartz) lililofungwa, mvuke unasukuma kuta. Bomba liwe nene, nafasi tupu iwe ndogo, tanuri lipande polepole, na liwe nyuma ya ngao ya chuma tangu linapowashwa hadi linapopoa kabisa. Uwiano ukihama kidogo halijoto ya mpangilio inahama nayo, kwa hiyo pima uzito wa bomba kabla na baada, na usiamini namba uliyoiandika kwenye mfuko hadi umepima mkunjo wenyewe.